Darasa la Yeyo Nosim

Kijenge, Arusha
12 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu haiumi na viazi havijaozea shambani. Mimi mzima kabisa. Jumatatu iliyopita nilikupigia simu, ukasema, "Sauti nimeisikia, inatosha, mengine andika," ukakata. Basi naandika.

Huu ni mwezi wangu wa pili Arusha tangu nihamishwe kutoka Dar. Asubuhi kuna baridi ya kunikumbusha nyumbani. Sisi wamisionari tunatembea wawili wawili, na mwenzangu sasa ni kijana wa Kimarekani, Whitlock. Kwao ni Idaho, na usicheke, wanalima viazi. Kanisani kwetu mmisionari wa kiume huitwa "Mzee", kwa hiyo yeye ni Mzee Whitlock na mimi ni Mzee Sanga, ingawa hakuna kati yetu aliyefikisha miaka ishirini na mbili.

Kazi iliyo ngumu kuliko kuhubiri ni kukataa chai. Kanisa letu halinywi chai wala kahawa, lakini jaribu kumweleza hilo mama ambaye birika lake limeshachemka.

Juma lililopita tulikwenda Olmotonyi, huku juu mlimani, nyumbani kwa mzee mmoja Mwarusha anayeitwa Lesian. Analima, anafuga, ni Mlutheri kama wewe. Tulimwinamishia vichwa atuguse, ndivyo vijana wanavyomsalimia mzee huku, na kwa urefu wa Whitlock ilibidi apige goti. Tukazungumza vizuri. Mwishoni huwa tunamwomba mwenye nyumba afunge kwa sala. Whitlock alitaka kusema, "Tunakuomba uombe." Akasema, "Tunakuomba ng'ombe."

Mzee akamtazama toka juu mpaka chini. "Ng'ombe? Ndiyo kwanza tumeonana leo!"

Mke wake alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Na ni huyo mama ninayetaka kukueleza. Anaitwa Nosim, huku mama huitwa yeyo, nasi tunamwita Yeyo Nosim. Nilimpa kitabu cha kanisa letu. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "mwaka huu natimiza sitini. Kusoma sijui hata jina langu. Nyimbo zote za kwaya nimezishika kichwani. Kama kweli mna nafasi, nifundisheni kusoma kwanza. Halafu nitaona mwenyewe kama mnasema kweli."

Nimekubali. Rais wa misheni, ndiye msimamizi wetu, ameturuhusu kila Jumanne saa tatu asubuhi. Sasa nimejikuta nimekubali kitu nisichokijua. Wewe umefundisha miaka thelathini na sita. Naanzia wapi?

Mwanao,
Peter


Bulongwa, Makete
3 Machi 2024

Mpendwa Peter,

Marahaba. Miguu inauma, viazi havijaoza. Mvua ni nyingi, na paa la jikoni limeshazibwa. Mama Sabina, jirani, amepata mjukuu wa tatu, wa kike. Tumeletewa mchungaji mpya, kijana, anahubiri kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Barua yako ina makosa manne. Nimeyazungushia kalamu nyekundu, utayaona ukija.

Mzee Sanga alikuwa baba yangu. Alikuwa na mvi, mashamba matatu na wajukuu ishirini na mmoja. Wewe una shati jeupe na tai. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka kuku wakatoka.

Kuhusu hiyo kazi yako sina la kusema. Kuhusu mama asiyejua kusoma, ninalo.

Usimwanzishe na a, e, i, o, u kama mtoto. Mtu mzima ana haraka, tena ana aibu. Mwulize ni neno gani analitaka kuliko yote, uanze na hilo. Siku ya kwanza usimpe kalamu. Amezoea kuitwa mahali akaweka dole gumba, na kalamu ni kitu cha wenzake. Mwaga unga kidogo kwenye sinia, aandike kwa kidole. Akikosea usiseme "hapana", sema "rudia". Usimsahihishe mbele ya mume wake. Na hizo nyimbo alizozishika kichwani ndiyo mali: mwandikie wimbo mmoja kwa herufi kubwa, macho yafuate mahali ambapo mdomo umeshafika. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa niliwafundisha hivyo kina mama wa kisomo cha watu wazima hapa hapa Bulongwa, na wengine walikuwa wakubwa kuliko mama yangu.

Mwulize huyo Mmarekani wanapata magunia mangapi kwa ekari.

Vaa fulana ndani.

Shangazi yako,
Tabitha Sanga


Kijenge, Arusha
8 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hongera nyingi kwa Mama Sabina. Masika yameanza, na udongo wa Olmotonyi unatuvua viatu. Whitlock anasema kwao ni magunia mia mbili kwa ekari. Nilimwambia barua hii inakwenda kwa mwalimu, asinitie katika uongo. Akaapa kuwa ni mia mbili.

Tulimwaga unga kwenye sinia. Nikamwuliza Yeyo Nosim neno analolitaka kuliko yote, na mimi moyoni nilikuwa nimeshajiandaa kwa jina la Bwana. Akasema, "Namnyaki."

Namnyaki ni binti yake wa mwisho, ameolewa Nduruma. Humtumia mama yake ujumbe kwenye simu, na mama humpelekea jirani amsomee. "Nimechoka," akasema, "watu wanajua habari za mwanangu kabla yangu mimi."

Basi tulianza na Namnyaki. Wiki ya pili akapata "mama", wiki ya tatu "maharage". Ulisema kweli kuhusu nyimbo. Nilipomwandikia wimbo wa kwanza alianza kuimba huku kidole kinatembea, mara akasimama, akarudisha kidole nyuma. "Kumbe hapa pana maneno mawili! Miaka yote naimba kama moja."

Kanuni zetu hazituruhusu kukaa ndani na mama peke yake, kwa hiyo mzee Lesian huketi mlangoni. Anatugeuzia mgongo, anachonga mpini wa jembe, hasemi neno. Jumanne iliyopita Yeyo alikwama kwenye neno "baraka". Akasoma "ba", akasoma "ra". Kutoka mlangoni tukasikia, "Ka!" Mzee hakugeuka hata shingo. Yeyo akamjibu kitu kwa Kimaa. Whitlock akaniuliza maana yake, nikamwambia sijui, lakini niliielewa kwa jinsi ilivyosemwa.

Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba siku hiyohiyo simu yake ililia, ujumbe umeingia. Nikanyoosha mkono nimsomee. Akaifunika kwa kiganja. Alichukua muda mrefu, midomo inacheza. Kisha akasoma kwa sauti: "Mama tumevuna nakuja Jumamosi." Akainuka, akaenda zizini, na kutoka huko tukamsikia anaimba.

Mengine ya kazi yangu ni ya kawaida tu.

Mwanao,
Peter


Kijenge, Arusha
11 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Soksi za sufu zimefika, asante sana, Whitlock ameona wivu. Naandika mbio kabla posta haijafungwa.

Yeyo Nosim ametuambia anataka kubatizwa katika kanisa letu! Sijawahi kukuambia hili, lakini katika miezi kumi na saba watu wamenikaribisha, wamenipa uji, wamenisikiliza, wameniaga vizuri, na hakuna hata mmoja aliyeniambia neno kama hilo. Yeye amelisema mwenyewe. Whitlock aliruka akagonga kichwa kwenye kizingiti.

Bila wewe tusingefika hapa. Nitaandika zaidi.

Peter


Bulongwa, Makete
25 Juni 2024

Peter,

Salamu. Huku tu wazima.

Nimesoma barua yako mara tatu. "Bila wewe tusingefika hapa." Mimi nilidhani tunamfundisha mama wa watu kusoma. Kumbe tulikuwa tunatega, na mimi nilikuwa nakushikia kamba.

Huyo mama ana usharika wake. Ana kwaya yake, ana wenzake watakaomzika. Umempa herufi, naye kwa moyo wake mwema ametafuta cha kukushukuru, akaona kitu kimoja tu unachokitaka. Ulimwuliza kwa nini? Au uliangalia saa ya posta?

Sikukulea upokee shukrani ya namna hiyo.

T. Sanga


Kijenge, Arusha
1 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Bado sijapata jibu lako, lakini siwezi kusubiri. Mimi mzima, ingawa kuna wiki nzima sikula vizuri.

Ile siku ya habari njema, tulipokuwa tunarudi nyumbani kutoka posta, Whitlock alikuwa anapiga mluzi na mimi naburuta miguu nyuma yake. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Hatukumwuliza kwa nini." Akaacha mluzi.

Jumanne iliyofuata nikamwuliza. "Yeyo, kwa nini unataka kubatizwa kwetu?"

"Kwa sababu mmenifundisha," akasema. "Mmekuja na mvua, mmekuja na matope. Wanangu mwenyewe hawajakaa na mimi hivyo. Nitawapa nini mimi?"

"Na kama tusingekufundisha?"

Akafikiri. "Ningekaa palepale pangu kwenye kwaya."

Nilikuwa nimesubiri ombi kama hilo miezi kumi na saba, na sasa nilikuwa nalo mkononi na ninaogopa kulishika. Aliyesema ni Whitlock, kwa Kiswahili chake: "Yeyo, si kulipa. Ukisema ndiyo, tunakuja Jumanne. Ukisema hapana, tunakuja Jumanne."

Mlangoni kisu cha mzee Lesian kilisimama kuchonga.

Nikamwachia Yeyo kitabu chetu, nikamwambia achukue wiki nzima, aombe mwenyewe, asome mwenyewe, kama alivyotuambia siku ya kwanza. Niliporudi nyumbani niliomba na mimi, na nakiri kwamba sikuomba vizuri. Nilimwomba Mungu amwambie ndiyo.

Jumanne iliyopita tulimkuta amevaa shuka mpya na shanga zake zote. Akatukalisha.

"Nimeomba," akasema. "Nimesoma kitabu chenu kurasa nne kwa siku nne. Kina maneno mazuri. Lakini Mungu ananijua pale nilipo, kiti cha tatu toka dirishani, na sikumsikia ananiambia nihame. Mmekasirika?"

Nilifungua mdomo kusema hapana kwa adabu tu. Ikatoka hapana ya kweli. Nilijisikia mwepesi, nikacheka, Whitlock akacheka, Yeyo akaanza kulia na kucheka pamoja.

Ninachokiamini bado nakiamini, tena sana, na atakayeniuliza nitamwambia. Lakini nilipotoka Dar nilifikiri nawapelekea watu Mungu, kama mtu anayepeleka mzigo. Yule mama amekaa na Mungu miaka mingi kuliko umri wangu. Mimi nilimpelekea herufi tu, na wakati nazipeleka nilimwona Mungu mahali ambapo sikupangiwa kumtafuta. Sijui kama nimeeleza vizuri. Zungushia kalamu nyekundu.

Jambo moja zaidi. Mwinjilisti wao amesikia kwamba anasoma, amemwomba asome somo mbele ya usharika, Jumapili ya tarehe 25 Agosti. Amekubali, na sasa anaogopa. Una la kumwambia?

Mwanao,
Peter


Bulongwa, Makete
21 Julai 2024

Mwanangu Peter,

Hujambo? Barua zetu zimepishana njiani. Ile yangu ya Juni kama hujaifungua, usiifungue. Kama umeifungua, basi hii isome mara mbili.

Mwalimu naye hukosea kusahihisha. Nilikuwekea mkasi, alama ya kosa, mahali ulipopata. Katika miaka thelathini na sita nimewahi kufanya hivyo kwa watoto wawili, na wote niliwaita mbele ya darasa nikawaambia. Wewe uko mbali, kwa hiyo ninakuambia hapa.

Hukuniambia kwamba ilikuwa vigumu huko. Miezi kumi na saba. Ungesema.

Sasa huyo mama. Asigawe somo kwa mistari, agawe kwa pumzi. Mwekee alama ndogo kila mahali pa kupumua. Kidole kiwe kwenye karatasi, asione haya, mimi mwenyewe bado naweka. Macho yakiinuka yaende ukuta wa nyuma, yasiende kwa watu. Na avae viatu alivyovizoea. Kiatu kipya kimeharibu masomo mengi kanisani.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya kwake, nimeiandika kwa herufi kubwa. Asisomewe na mtu. Wewe pia usiisome.

Shangazi yako,
Tabitha


Kijenge, Arusha
26 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako ya Juni niliisoma nimesimama mlangoni mwa posta, nikakaa kwenye ngazi. Iliniuma kwa sababu swali lilikuwa lilelile nililojiuliza mwenyewe. Tuliache. Leo nina furaha nyingi, sijui nianzie wapi.

Karatasi yako nilimpa Yeyo kama ulivyoagiza. Aliisoma akiwa ameinama, ukurasa mzima, akaikunja, akaiweka kifuani. Nikamwuliza shangazi anasemaje. "Hayo ni ya wanawake wawili," akasema.

Jana ibada yao ilianza saa moja, yetu ni saa nne, tukapata ruhusa ya kwenda. Kanisa lilijaa. Namnyaki alikuja kutoka Nduruma na watoto wake wawili. Mzee Lesian alivaa koti ambalo naona lilishonwa wakati wa harusi yake, vifungo havikutaka kukutana. Yeyo alikuwa na wanakwaya, kiti cha tatu toka dirishani, ameshika karatasi yake kama inataka kuruka.

Walipomwita alitembea polepole mpaka mbele, na viatu vyake vya siku zote. Akaweka kidole. Somo lilikuwa la mkulima aliyetoka kupanda mbegu, nyingine zikaanguka njiani, nyingine kwenye mwamba. Sauti ya kwanza haikusikika. Akapumua pale nilipoweka alama, akaanza tena, na safari hii ikafika mpaka kwetu nyuma. Neno kwa neno, Shangazi. Whitlock alikuwa amenishika mkono na hakujua kwamba amenishika.

Alipofika kwenye mwamba akasimama. Nikafikiri amekwama. Nikaanza kulisema neno midomoni. Lakini alikuwa anatabasamu. Akainua macho, si kwa ukuta wa nyuma bali kwa mume wake, akasema, "Hapa ni kama shamba letu la juu!"

Kanisa zima likacheka. Mwinjilisti akacheka mpaka akavua miwani. Yeyo akarudisha kidole mahali pake na kusoma mpaka neno la mwisho, hakuruka hata moja. Vigelegele vilianzia kwa Namnyaki, na sikuona vilikoishia, kwa sababu macho yangu hayakuwa yanaona vizuri.

Nje watu walimzunguka Yeyo. Mzee Lesian akatufuata pembeni, akakohoa.

"Jumanne mnakuja?"

"Tunakuja, mzee."

"Mje na madaftari mawili," akasema. "Safari hii mimi nitakaa kwenye kiti. Na milango yote wazi, kanuni yenu isivunjike."

Halafu akatugusa vichwa, ingawa hatukuwa tumeinama.

Mwanao,
Peter


Bulongwa, Makete
15 Septemba 2024

Mwanangu Peter,

Hujambo, na mwenzako wa magunia mia mbili hajambo? Sisi wazima. Baridi imepungua, tumeanza kutifua. Mjukuu wa Mama Sabina ameota meno mawili.

Barua yako ilifika Alhamisi. Leo Jumapili, baada ya matangazo, nilisimama. Nikasema nina mtoto wangu mmisionari Arusha, naomba usharika umwombee.

Mchungaji kijana akauliza palepale, hakuwa na nia mbaya, "Yuko dayosisi gani, mwalimu?"

Unajua kwamba swali hilo nimelikimbia karibu miaka miwili. Sokoni nimesema uko masomoni. Kwa Mama Sabina nimesema uko kazini Dar. Leo nikasema, "Si wa dayosisi. Ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho." Ni jina refu, Peter. Ilibidi nipumue katikati. Watu wote wakanigeukia, na mimi nimesimama, na miguu hii.

Ndipo Mama Sabina akauliza kutoka nyuma, "Anakula vizuri huko?"

Basi nikatoa barua yako nikawasomea habari za yule mama, tangu unga kwenye sinia. Nilisoma kwa sauti ya darasani. Walipiga vigelegele kwa mtu wasiyemjua, wa Olmotonyi, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Wazee wawili wa kanisa walifuta macho, watakuambia ni vumbi.

Mchungaji anasema Januari ukimaliza uje utueleze mwenyewe. Alitaka kukupa nusu saa. Nimemwambia dakika kumi, nakufahamu. Usilete vitabu vya kugawa. Ukiulizwa unaamini nini, jibu, usijifiche, lakini jibu kwa kifupi. Nitakuwa kiti cha mbele na saa mkononi, na ukizidisha nitakohoa.

Ukimaliza kusema usirudi kukaa na wageni kule nyuma. Teremka uje kando yangu. Kiti hicho nimeshawaambia kina mwenyewe.

Shangazi yako,
Tabitha